Kaunta buku, muhuri na simu ya saa nane usiku: kujifunza kazi ya uongozi wa wanafunzi chuoni

Matokeo ya uchaguzi yakishatangazwa na waliokubeba mabegani wakarudi hosteli kulala, unabaki na ufunguo wa chumba kidogo chenye meza, viti viwili vya plastiki na kabati lisilofunga vizuri. Hujaapishwa bado, na tayari kuna mtu mlangoni. "Mheshimiwa, boom langu halijaingia, na mwenye chumba amesema mwisho Ijumaa." Ulinadi sera wiki mbili nzima, lakini hakuna aliyekufundisha umjibu nini huyu anayengoja fedha yake ya mkopo ya chakula na malazi.

Sisi tuliowahi kukaa kwenye viti hivyo, katika serikali za wanafunzi za vyuo vya Tanzania, tunawaandikia wanaoingia sasa. Tumeacha habari za nani alifanya nini mwaka gani. Tumeweka kazi yenyewe: inavyofanyika, mahali inapoharibika, na inavyomgharimu anayeifanya. Kazi hiyo, ukiondoa vyeo na suti, ni kuichukua shida ya mtu kutoka mdomoni mwake, kuigeuza karatasi yenye tarehe, na kuifikisha kwenye meza yenye uwezo wa kuitatua. Hotuba ni sehemu ndogo sana.

Mafunzo rasmi ni semina elekezi, mara nyingi ya siku mbili au tatu. Mshauri wa Wanafunzi anafungua, mwanasheria wa chuo anapitia sheria ndogo, mtu wa idara ya fedha anaeleza taratibu za matumizi, na pengine afisa wa TAKUKURU anakuja kuzungumzia rushwa. Mada ni nzuri. Tatizo ni kwamba washiriki wanapiga picha za slaidi kwa simu, wanasaini posho, wanaondoka, na picha hazifunguliwi tena hadi siku ya matatizo.

Nenda semina na nyaraka tatu zilizochapwa: katiba ya jumuiya ya wanafunzi, sheria ndogo za wanafunzi, na kanuni za mitihani za chuo chako. Chukua kalamu nyekundu, upigie mstari kila mahali penye idadi. Akidi ya bunge ni nusu au theluthi mbili? Taarifa ya kikao inatolewa siku ngapi kabla? Rufaa ya matokeo inakatwa ndani ya siku ngapi, na inalipiwa kiasi gani? Nani anaidhinisha fedha, na akiwa safarini anakaimu nani? Yaandike majibu kwenye ukurasa mmoja, uubandike upande wa ndani wa mlango wa lile kabati. Nusu ya ugomvi wa serikali za wanafunzi unatokana na watu kubishana kwa kumbukumbu juu ya jambo lililoandikwa.

Elewa pia ngazi za nyaraka hizo. Jumuiya yenu ipo chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2005, Sura ya 346, na kanuni zake. Chini yake kuna hati na kanuni za chuo. Katiba yenu ndiyo inafuata. Ibara ya katiba ya wanafunzi inayogongana na kanuni ya chuo haitawasaidia siku mkiitwa kwenye kamati ya nidhamu, hata kama bunge zima liliipitisha kwa makofi.

Yapo mambo mawili ambayo kwa kawaida hayamo kwenye ratiba ya semina. Yaombeni. La kwanza ni kikao cha mazoezi: mpewe agenda ya uongo, mkae kama baraza la mawaziri kwa saa moja, katibu aandike muhtasari, kisha Mshauri aukosoe mbele yenu. La pili ni nusu siku ya kukaa pembeni ya afisa mikopo wa chuo na nusu siku nyingine masjala, mkitazama tu kinachofanyika. Anayeona faili moja likitoka mapokezi hadi kwa Naibu Makamu Mkuu wa Chuo hatauliza tena kwa nini barua ya jana haijajibiwa leo, na atajua ni kwa nani aulize.

Makabidhiano ya ofisi yafanyike kabla ya mitihani ya mwisho ya semista ya pili. Sababu ni ya kawaida kabisa: anayeondoka akishamaliza karatasi yake ya mwisho anapanda basi la Songea au Kigoma, na simu yake inaanza kuita bila kupokelewa. Jumuiya yenye akaunti yake benki huumia zaidi hapa, maana watia saini wa zamani ndio wenye akaunti hadi wabadilishwe. Benki itataka barua ya jumuiya, muhtasari wa kikao kilichowateua watia saini wapya, vitambulisho vya NIDA, picha ndogo, na mara nyingi barua ya chuo ya kuwatambulisha. Majina yafanane herufi kwa herufi kwenye karatasi zote. Mohamed mwenye "m" moja kwenye muhtasari na mbili kwenye kitambulisho anarudisha faili zima mwanzo.

Madeni yaulizwe kwa majina. Ukiuliza "kuna madeni?" utajibiwa hapana. Uliza fundi wa fulana anadai kiasi gani, mwenye steshenari je, aliyeleta muziki kwenye hafla ya kuwakaribisha mwaka wa kwanza je, mama aliyepika chakula cha mahafali je. Hao ndio watakaokuja kukaa mlangoni kwako mwezi wa 11, wakati wewe hukuagiza kitu. Halafu omba nywila ya barua pepe ya ofisi, uongozi wa magrupu yote ya WhatsApp na kurasa za mitandao, na muhuri. Kuhusu muhuri, uliza kama ulichongwa zaidi ya mmoja. Muhuri unaozurura mtaani unaweza kutengeneza barua ya kuomba michango kwa jina lako, na utaisikia kwa mara ya kwanza polisi.

Sasa nunua kaunta buku. Nene, yenye jalada gumu. Simu inaibiwa, kompyuta inaondoka na mwenye kompyuta, lakini kaunta buku inabaki mezani. Fungua kurasa mbili zinazotazamana uzipige mistari: namba ya kesi, tarehe, jina kamili, namba ya usajili, simu, shida yenyewe kwa maneno ya mwenye shida, nyaraka alizoleta, meza iliyopelekwa, jina la aliyepokea, tarehe ya kufuatilia, na mwisho wake. Nafasi inayosahauliwa ni hiyo ya jina la aliyepokea. "Nilipeleka uhasibu" haina maana yoyote. Uhasibu ni jengo. "Nilimkabidhi mama wa dirisha la pili, Jumanne saa nne asubuhi, akasema turudi Alhamisi" unaweza kurudi nayo Alhamisi na ikafanya kazi.

Usimpokee mtu korido. Ukisimamishwa kwenye foleni ya chakula na mtu akaanza kumwaga shida yake, mwambie kwa upole aje ofisini saa fulani na karatasi zake. Wengi wataona unaringa. Lakini shida iliyosikilizwa kwenye foleni ya wali husahaulika kabla sahani haijaisha, na mwenye shida anaendelea kungoja akiamini unaishughulikia. Hilo ni baya kuliko kumwambia asubiri.

Mikopo ndiyo itakayojaza kurasa nyingi za kitabu chako, kwa hiyo tukae hapa. Fedha ya chakula na malazi, ambayo kila mwanafunzi anaiita boom, ilipandishwa mwaka 2022 kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku, na hutolewa kwa mafungu, mara nyingi ya siku 60, yaani shilingi 600,000 kwa mwenye asilimia zote. Ikichelewa wiki mbili, kuna watu wanakula mlo mmoja. Wanaokuja ofisini hawana subira, na hawatakiwi kuwa nayo.

Ila usikimbilie kusema Bodi ya Mikopo imewanyima. Boom lisiloingia lina sababu chache zinazojirudia, na unaweza kuzichambua kwa maswali matano kabla mtu hajakaa vizuri kwenye kiti.

"Semista hii umesajiliwa?"

"Nimelipa ada nusu, nilidhani inatosha."

Hapo umeshapata jibu. Asiyekamilisha usajili haonekani kwenye orodha ambayo chuo kinaipeleka Bodi. Kama amesajiliwa, uliza kama alisaini fungu hili. Kama alisaini, uliza akaunti: imelala kwa kutotumika, imebadilishwa, au jina la benki halifanani na la Bodi? Akaunti ikiwa nzima, uliza matokeo ya mwaka uliopita: ana sapu (mtihani wa marudio) au keri (somo alilobeba kutoka mwaka uliopita), na chuo kimeshapeleka matokeo? Mwisho, uliza kama aliwahi kuahirisha mwaka, kuhama chuo au kubadili kozi, kwa sababu taarifa za uhamisho hukwama katikati ya ofisi mbili, kila moja ikiamini nyingine imeshazituma.

Ukifanya hivyo kwa watu 40, utakuta pengine 25 wana tatizo la hapa hapa chuoni na linamalizika hapa hapa. Waliobaki ndio unawapanga kwenye jedwali: jina kamili kama lilivyo kwenye cheti cha kidato cha nne, namba ya mtihani wa kidato cha nne, namba ya usajili wa chuo, kozi, mwaka wa masomo, benki, fungu la mwisho alilopokea na tarehe yake. Namba ya kidato cha nne usiikose, maana ndiyo Bodi inayomtambua nayo mwombaji. Jedwali hilo linapitia kwa afisa mikopo wa chuo, ambaye ana njia rasmi ya kuwasiliana na Bodi. Kinachoharibika hapa tunakijua vizuri: waziri wa mikopo anakusanya majina kwa kuwaambia watu wajiorodheshe kwenye grupu la WhatsApp. Kila anayenakili orodha anafuta mmoja bila kujua, namba zinakosewa, na picha ya skrini inayofika kwa afisa haisomeki. Majina 200 yanarudi, wiki mbili zimepotea, na njaa iko pale pale.

Halafu orodha za namna hiyo zina namba za akaunti na za NIDA za watu. Tangu Mei 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inatumika nchini. Hata kama isingekuwepo, mwanafunzi aliyekupa namba zake alikupa wewe, hakuwapa watu 900 wa grupu. Tumia fomu ambayo anayejaza haoni majibu ya wenzake, na mwenye ruhusa ya kuifungua awe mmoja au wawili.

Kwa wa mwaka wa kwanza waliokosa kabisa, lipo dirisha la rufaa linalofunguliwa baada ya awamu za kupanga mikopo. Huo si wakati wa kuwafariji kwa maneno. Kaa nao mmoja mmoja mtazame kilichokosekana: cheti cha kifo cha mzazi kisichohakikiwa, fomu isiyokuwa na muhuri wa serikali ya mtaa, barua ya ulemavu isiyosainiwa na daktari. Wengi ni watoto wa vijijini waliojaziwa fomu na mwenye duka la intaneti. Saa moja ya kukaa na mmoja wao ina uzito kuliko tamko lolote utakaloandika mwaka mzima.

Kuandika barua ni ufundi wa kujifunza. Barua kwa Makamu Mkuu wa Chuo haiendi moja kwa moja. Inapitia kwa Mshauri wa Wanafunzi, na hilo linaonyeshwa juu ya barua kwa u.f.s. Weka kumbukumbu namba, tarehe, na YAH: inayotaja jambo moja. Aya ya kwanza iseme mnaomba nini. Ya pili ieleze hali kwa idadi na tarehe: bomba za Bweni la 4 hazitoi maji tangu tarehe 3, ghorofa tatu, wanafunzi 180, wanachota kisimani nje ya uzio usiku. Ya tatu iseme mnaomba kujibiwa lini, na mtakuwa tayari kukutana siku zipi. Ukurasa mmoja unatosha. Chapa nakala mbili, moja irudi kwako ikiwa na muhuri wa kupokelewa wa masjala. Barua isiyokuwa na muhuri huo, siku ya ubishi, haikuwahi kupelekwa.

Barua yenye mambo tisa hujibiwa lile jepesi kuliko yote, na mengine manane yanakufa. Andika barua tisa.

Muhtasari wa kikao nao watu wanauchukulia kama adhabu ya katibu. Kumbe ndio unaowalinda wote. Waliohudhuria, waliotoa udhuru, kama akidi ilitimia, yatokanayo na kikao kilichopita, halafu kila azimio liwe na mtu na tarehe. "Ilikubaliwa suala la usafiri lifuatiliwe" ni sentensi isiyokuwa na mwenyewe. "Waziri wa Miundombinu aonane na Meneja Milki kabla ya Ijumaa tarehe 14 na alete majibu kikao kijacho" ina mwenyewe, na kikao kijacho kitamwangalia usoni. Muhtasari usambazwe ndani ya saa 48, watu wakiwa bado wanakumbuka walichosema.

Kwenye fedha ndiko wanakoangukia hata walio waaminifu. Chukua mfano wa chuo chenye wanafunzi 3,000 na ada ya jumuiya ya shilingi 10,000 kwa mwaka. Kwenye karatasi hiyo ni milioni 30, na mawaziri wote wanapanga bajeti ya milioni 30. Lakini fedha inaingia kupitia malipo ya chuo, wengine wanalipa semista ya pili, wengine wamesamehewa, na kwa vyuo vingi inakaa kwenye akaunti ya chuo na kutolewa kwa maombi. Panga kwa kilichokwisha kuingia, uulize kwa maandishi kila mwezi.

Njia ya shilingi moja kutoka ni hii: dokezo linaloeleza shughuli, tarehe na mchanganuo; ankara kifani tatu kutoka kwa wauzaji watatu wa kweli; idhini ya kikao, na kumbukumbu namba ya muhtasari wake; saini za wenye mamlaka; malipo; risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi; na kama ulichukua fedha mkononi, marejesho ya masurufu ndani ya siku zilizopangwa. Asiyerejesha ya kwanza hapewi ya pili, na tamasha zima la michezo linaweza kukwama kwa sababu ya laki moja na nusu ya maji ya kunywa isiyokuwa na risiti. Bodaboda hatoi EFD, mama wa mihogo hatoi EFD. Kwa hao beba hati ya malipo: jina, simu, kazi, kiasi kwa tarakimu na maneno, saini. Jaza pale pale. Ukisema utajaza jioni, utajaza kwa kukisia, na mkaguzi ataona hati 12 zimeandikwa kwa kalamu moja na mwandiko mmoja. Hukula hata mia. Utaonekana umekula. Wahenga walishasema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Usitoe fedha zako mfukoni kwa matumaini ya kurudishiwa. Tunalisema kwa uchungu, maana wengi wamesomea madeni ya simu kwa sababu ya kuchapisha vipeperushi vya ofisi. Vocha, nauli, kahawa za vikao, vyote vinakula boom lako taratibu. Weka kiwango kwa mwezi, ukikifikia simama, na jambo lililokwama liandikwe kuwa limekwama kwa kukosa fedha.

Kuna shida ambazo kaunta buku haizifai. Mwanafunzi akija kusema mwalimu anamtaka kimapenzi ili amfaulishe, usiandike jina lake kwenye kitabu kinachokaa mezani. Rushwa ya ngono ni kosa chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, na wewe si mpelelezi. Usimpigie mwalimu "kusikia upande wake". Usimwambie rais wako kama hahitajiki kujua. Mwambie mwenye tatizo asifute ujumbe hata mmoja, asibadilishe simu, aandike tarehe, saa na mahali kwa kila tukio analolikumbuka. Kisha umweleze milango iliyopo, dawati la jinsia la chuo, Mshauri wa Wanafunzi, TAKUKURU kwa namba 113 isiyotozwa, na achague mwenyewe. Umsindikize akitaka. Akisema hataki kuendelea, hajakukosea, na mlango wako ubaki wazi.

Na kama amebakwa, hospitali kwanza, haraka, bila kuoga na bila kufua. Nguo alizokuwa nazo ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi. Wa plastiki hutunza unyevu na kuharibu ushahidi. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72, na kadiri zinavyowahi ndivyo zinavyofaa zaidi. Hospitali yenye kituo cha mkono kwa mkono inakuwa na daktari, polisi na ustawi wa jamii sehemu moja. Kama hakuna karibu, fomu ya PF3, ya polisi ya kumpeleka aliyedhurika kwa daktari, inatolewa kituo cha polisi, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto. Jua hospitali hiyo iko wapi na nauli ni kiasi gani usiku, kabla hujahitaji kujua.

Simu ya saa nane usiku ndiyo inayotisha, kwa sababu mara nyingine ni msiba. Hakuna semina tunayoijua inayofundisha hili, na kila mwaka mmoja kati yenu litamkuta. Mwenzenu amefariki, kwa ugonjwa, kwa ajali ya bodaboda, kwa maji. Jambo la kwanza ni kunyamazisha magrupu. Andika hivi tu: "Tunaomba mtu yeyote asiweke taarifa wala picha hadi familia ipewe habari." Mama kuujua msiba wa mwanawe kwenye hali ya WhatsApp ya mtu asiyemfahamu ni ukatili, hata kama hakuna aliyekusudia. Anayewasiliana na familia ni mmoja, Mshauri wa Wanafunzi au mlezi wa bweni, na kwa desturi zetu anatafutwa kwanza mtu mzima wa ukoo, mjomba au baba mdogo, ndiye anayejua namna ya kuwafikia wazazi na nani awe amekaa karibu na mama wakati anaambiwa.

Familia iulizwe wanazika wapi na lini kabla hamjapanga lolote. Kwa Waislamu maziko hayangoji, kwa hiyo muda wenu unaweza kuwa saa chache. Kwa msiba wa kusafirishwa, mambo ni kibali cha mazishi kutoka hospitali, jeneza, gari, dereva wa pili kwa safari ndefu, na barua ya chuo. Uliza mapema chuo kinagharimia nini ili mchango wa wanafunzi uelekezwe kwenye kilichobaki. Namba ya kupokelea michango iwe moja, ishikwe na watu wawili, na jumla itangazwe kila jioni. Vitu vya marehemu chumbani viorodheshwe na watu wawili, mlezi wa bweni na mwenzake wa chumba, kimoja kimoja: simu, chaja, kompyuta, vyeti, khanga mbili, viatu. Wasaini. Orodha hiyo na karatasi ya jumla ya rambirambi mkabidhi mzee wa familia mkononi, na wanafunzi mtakaosafiri nao wawe wamebeba chakula chao, wasiwe mzigo kwenye nyumba ya matanga.

Mtu aliyeishi chumba kimoja na marehemu atarudi peke yake kwenye kile chumba. Mhamisheni usiku ule ule, hata kama ni kulala wawili kitanda kimoja kwa rafiki.

Kuhusu mgomo, kila kiongozi atasukumwa kuuitisha, na sauti kubwa zaidi itatoka kwa mtu ambaye jina lake halimo kwenye barua yoyote. Soma historia ya Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Oktoba 22, 1966 wanafunzi waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Mwalimu Nyerere alitangaza kujipunguzia mshahara kwa asilimia 20, na mamia ya wanafunzi wakarudishwa makwao. Julai 1971 rais wa wanafunzi, Symonds Akivaga kutoka Kenya, alifukuzwa baada ya kumwandikia Makamu Mkuu wa Chuo barua ya wazi, na wenzake wakagoma kuingia darasani. Machi 1978 wanafunzi waliandamana kupinga nyongeza ya mafao ya viongozi, na mamia wakafukuzwa tena. Tunawaheshimu wote hao. Walijua bei na waliilipa. Kinachotuuma ni kijana wa mwaka wa pili anayetangaza kwenye kipaza sauti kuwa utawala una saa 72 za kutimiza madai bila kuwa na barua moja iliyogongwa muhuri nyuma yake, kisha anasimamishwa masomo peke yake huku waliompigia makofi wakiwa kwenye semina.

Njia ndefu ina faida yake. Barua ya kwanza, ukumbusho baada ya siku saba, ombi la kikao, muhtasari wa kikao uliosainiwa na pande zote mbili, rufaa kwa wajumbe wenu kwenye Baraza la Chuo, nakala Wizarani kwa njia sahihi. Kwenye kikao na utawala nendeni wanne: msemaji, mwandishi, mwenye nyaraka, na mmoja wa kusikiliza tu, ambaye mara nyingi ndiye anayeona kuwa swali halikujibiwa. Msitoke bila tarehe. Mkitoka, waelezeni wanafunzi siku ile ile, mkisema pia mlichokosa. Uvumi huanza saa moja baada ya mlango kufungwa.

Masomo yako yatadai chake. Katiba nyingi zinaweka kiwango cha chini cha GPA (wastani wa ufaulu) kwa viongozi, na wapo wanaopoteza kiti kwa sapu mbili. Bandika saa za ofisi mlangoni, mbili kwa siku, uzisimamie. Wiki ya mitihani, zamu igawanywe kwa ratiba ya mitihani ya mawaziri wenyewe, asiyekuwa na karatasi siku hiyo ndiye anayeshika simu ya ofisi. Simu ya ofisi iwe na laini yake. Namba yako binafsi ikishazagaa hutairudisha. Utatukanwa pia, kwenye magrupu, kwa jina, na watu uliowasaidia wiki iliyopita. Usijibu usiku. Ukiona huli, hulali, na unaogopa kufungua simu, nenda kwa mnasihi wa chuo kama ambavyo ungemshauri mwenzako aende.

Miezi miwili kabla ya uchaguzi ujao anza kuandaa makabidhiano yako. Madeni kwa majina na kiasi, mali za ofisi kwa hesabu, nywila, muhuri, faili la barua zilizopokelewa na faili la zilizotoka. Kisha fungua kaunta buku ukurasa wa kwanza, pitia kesi zote, na zile zisizokuwa na mwisho uzihamishie ukurasa mpya kwa namba zake zile zile. Mpigie kila mwenye kesi, mtajie jina na simu ya anayekuja, na uandike pembeni tarehe uliyompigia.